Siku Nzengo Ilipoitenga Serikali

Siku mliyoniaga mlinipa chupa ya chai, vitenge na kipaza sauti. Chupa na vitenge nilivipokea kwa moyo mmoja, kipaza sauti kikanishinda. Nilisema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa, maana pilau lilikuwa linapoa na mkurugenzi alikuwa ameshaangalia saa. Haya ninayoandika ndiyo niliyotakiwa kuyasema siku ile. Nawaandikia ninyi mliobaki idara ya ujenzi, hasa mlioingia juzijuzi na bado mnadhani kazi yetu ni kujenga. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusubiri, na kwenda kuwaeleza watu kwa nini tunasubiri.

Vyeo nitaviruka. Niliajiriwa fundi sanifu, nimestaafu fundi sanifu, na katikati hapo watu wameniita injinia kwa sababu nilivaa kofia ngumu. Mwanzoni niliwasahihisha. Baadaye nikaona nitapoteza siku nzima.

Niliripoti kazini Shinyanga mjini wakati wa kiangazi, vumbi limejaa hadi kwenye meno. Nilipelekwa kwa Mzee Nkwabi, msimamizi wa majengo, mtu wa maneno machache na suruali moja ya kazi. Aliniangalia usoni, akashuka taratibu mpaka kwenye viatu vyangu vya kisigino. Akauliza, "Binti, umekuja kukaa ofisini au kupanda jukwaa?" Nikasema kupanda. "Basi kesho njoo na miguu ya kupandia," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kesho yake alinipeleka kwenye madarasa ya shule ya msingi yaliyokuwa yanajengwa nje ya mji. Aliokota matofali mawili ya kuchoma, akayagonganisha karibu na sikio langu. Akaniambia nisikilize: lililoiva linalia, bichi linanung'unika. Nilikaa juani tangu asubuhi nikigonga matofali ya watu na kutenga pembeni yale yanayonung'unika, na mafundi wakinicheka kwa Kisukuma wakidhani sisikii. Nilikuwa nasikia vizuri sana, mimi ni Msukuma.

Timazi alinifundisha kwa kunikataza kuisoma. Ukiishusha kamba ile na chuma chake, huwa inacheza kwanza, na fundi mwenye ukuta uliopinda atakwambia haraka kwamba iko sawa, andika twende. Mzee Nkwabi alikuwa anasimama ameishika mpaka itulie kabisa, hata kama kuna diwani anasubiri. Na soda ya fundi, alisema, inanywewa baada ya kupima. Ndiyo maana mnaniona nimezoea soda ya moto. Nimekunywa nyingi.

Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba ukuta haujengwi uishi bila paa. Mvua inaingilia juu, kwenye kozi ya mwisho, yaani mstari wa juu wa matofali, inashuka kwenye viungio, udongo unalainika, na jua likija unapasuka. Masika ya kwanza ukuta unavumilia, na ya pili pia. Baada ya hapo unaanza kukuangalia vibaya. Wakati ule niliandika hayo kama mwanafunzi anavyoandika chochote anachoambiwa. Sikujua kwamba ndiyo yatakayokula maisha yangu ya kazi.

Baada ya miaka nilihamishiwa magharibi, kwenye ukanda wa dhahabu, halmashauri ambayo ninyi mnaijua na wengine hawana haja ya kuijua. Huku nilikuta nchi ya ajabu. Katoro maghorofa yalikuwa yanaota pembeni ya vibanda vya mabati, bodaboda zinapishana usiku na mchana, na kijana aliyepata mawe mazuri kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia, anamaliza nyumba kabla hujamaliza kumchorea ramani. Nyumba za watu zilikuwa zinaezekwa. Zilizokuwa hazina paa ni zetu, za umma. Kila kijiji nilichopita kilikuwa na boma lake.

Kwa wageni wa kazi nieleze. Zamani boma lilikuwa makao ya mkuu wa wilaya, mahali serikali ilipo. Siku hizi kwenye makabrasha yetu boma ni jengo ambalo wananchi wamelipandisha kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha wakaishia hapo kusubiri serikali ipaue, iezeke na kumalizia. Kwa hiyo neno limegeuka, boma sasa ni mahali serikali haijafika. Nililisema hilo kwenye kikao kimoja, na nikaombwa nijikite kwenye ajenda.

Mpango wenyewe haukuwa mbaya, na sitaki kijana yeyote aondoke hapa akidhani nadharau. Nimeshuhudia shule zikifunguliwa kwa mpango huo na akina mama wakijifungulia chini ya paa tulilolipiga misumari sisi. Shida ilikuja pale mabati yalipoanza kuchelewa. Mzabuni mmoja wa Katoro alikuwa anatukopesha mabati kwa imani, akijua mwaka wa fedha ukigeuka atalipwa. Ukageuka, na mwingine ukageuka, naye hajalipwa. Mara ya mwisho kwenda dukani kwake nilikuta amepunguza duka nusu, amempangisha muuza simu upande wa pili, na juu ya kaunta ameandika kwa rangi nyekundu: MKOPO KWA HALMASHAURI UMESITISHWA. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya mama yangu, akanikatalia mabati. Sikuwa na la kumlaumu.

Sasa nije kijijini kwetu, upande wa Nyarugusu. Mume wangu alipofariki nilijenga kule nyumba ndogo, mama yangu akakaa humo, nami nikawa nalala mjini siku za kazi na kurudi kwake mwisho wa wiki. Kijiji hakikuwa na zahanati. Mgonjwa alikuwa anabebwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na ndugu wa kumshikilia. Siku moja kiongozi mmoja alikuja, akasimama mbele ya mkutano wa hadhara akasema: ninyi fikeni lenta, paa ni letu. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Ujenzi ule uliendeshwa na nzengo. Nzengo ni umoja wa majirani, na kwetu ni mkubwa kuliko chama na kuliko kanisa. Nzengo ndiyo inayochimba kaburi lako, inayombeba mgonjwa wako, inayokuja kulima shamba lako ukiwa umelala kitandani. Kila mtu ana zamu yake. Ukikosa zamu bila udhuru unatozwa faini, mnaila pamoja, yanaisha. Ukikataa faini unatengwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuazima moto, hakuna wa kukaa msibani kwako, na atakayekusemesha naye anatozwa.

Kiongozi wa nzengo yetu alikuwa Mzee Luhende, mfugaji, mpole wa sauti. Aligawa zamu. Wafugaji walichangia ng'ombe wa kuuza tukanunua saruji ya msingi. Wachimbaji walitoa kila duara kiroba cha mawe, yakasagwa kwenye karasha, dhahabu ikauzwa ikawa nondo za lenta. Wanawake walibeba maji na kufyatua matofali. Mama yangu alikuwa ameshazeeka, akaambiwa apumzike, akasusa mpaka akapewa ndoo ndogo. Kamba za msingi nilizivuta mimi. Ukuta ulipanda ukiwa umenyooka kuliko majengo mengi niliyolipiwa posho kuyakagua, na matofali yake nilikuwa nimeyagonga mwenyewe. Siku tulipofika lenta nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuipata kwa kitu kingine kazini.

Basi tukasubiri. Masika ya kwanza yalipita. Tulifunika vichwa vya kuta kwa nailoni na nyasi, upepo ukafunua, tukafunika tena. Masika ya pili, kozi ya juu ikaanza kumeguka kwenye kona ya chumba cha kujifungulia. Kila Ijumaa nilipofika, mama alikuwa ananiuliza habari za paa kabla hajaniuliza habari zangu. Mwaka mmoja fedha ilishuka Juni ikiwa inaishia, na kabla hatujamaliza taratibu za kumpata mzabuni mwaka wa fedha ukafungwa, fedha ikarudi Hazina ikiwa na jina jipya: bakaa. Nilipokwenda kuwaeleza kwamba fedha ilikuja ikarudi, Mzee Luhende aliniuliza kwa upole kabisa, "Ilikuwa imesahau nini?"

Nilichoka kujibu nisichokijua. Nikaingia kwa mweka hazina wetu, nikafunga mlango, nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtoto wake. Naye alikuwa mtu muungwana. Alivua miwani.

"Mama Limi, hela ya nchi inatoka kwa zamu. Kwanza linalipwa deni la taifa. Hilo halijadiliwi. Inafuata mishahara, ambayo na wewe unaila. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kwa wizara, mikoa na sisi, na mpaka kifike huku kimeshachoka."

"Nani aliamua deni liwe la kwanza?"

"Hakuna aliyekaa akaamua. Waliokopesha usipowalipa kwa wakati hawakukopeshi tena, au wanakukopesha kwa riba ya kukukomoa. Halafu uagize mafuta kwa hela gani? Dawa kwa hela gani? Nchi inaweza kulala bila paa la zahanati. Haiwezi kulala bila mafuta."

Sikuona uongo ndani yake. Barabara ya lami ninayopita kwenda kwa mama yangu ilijengwa kwa mkopo, na nguzo za umeme vilevile, na mimi sikutaka kurudi kwenye vumbi na koroboi. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa, na kuelewa hakukunifurahisha hata kidogo. Nje malori ya mgodini yalikuwa yanapita, na nilifikiri kwamba ardhi hii imetoa dhahabu tangu kabla sijazaliwa na bado tuko mwisho wa foleni.

Mkutano uliofuata wa kijiji nilitumwa mimi, kwa kuwa, mkurugenzi alisema, ninajua lugha. Niliamua kusema kweli. Nilisimama mbele ya boma lenyewe nikawaambia hakuna aliyekula fedha yao, fedha haijatoka, na haijatoka kwa sababu nchi inadaiwa na waliokopesha wanalipwa kwanza. Mzee Luhende alinyoosha fimbo yake kuomba nafasi, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, sisi hatuna haraka ya kugombana. Tunataka kuelewa tu. Hao waliokopesha, selikali isipowalipa, wanaleta jeshi?"

"Hapana, mzee."

"Wanaipiga?"

"Hapana."

"Sasa inawaogopea nini?"

Nikajibu kama nilivyoelezwa. Nikasema, "Hawaikopeshi tena. Hawafanyi nayo biashara. Na wengine wakisikia, nao wanajitenga nayo, inabaki peke yake."

Mzee Luhende aliwageukia wenzake waliokaa kwenye mawe ya msingi, akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe na wao wana nzengo," akasema.

Wakati ule nilitabasamu, nikidhani amenitania. Walikaa wenyewe jioni hiyo, na asubuhi mtendaji wa kijiji akapewa ujumbe auwasilishe halmashauri. Serikali ilikuwa mwananzengo kwenye ujenzi wa zahanati, kwa kuwa ilikubali zamu yake mbele ya watu wote. Zamu yake ilikuwa paa. Haikuja, na haikutuma udhuru wa maana. Kwa hiyo inatozwa ng'ombe dume mmoja na gunia la mchele, ije ile na wenzake, yaishe, halafu ilete paa ikipata nafasi. Ikikataa itatengwa.

Mnakumbuka tulivyocheka. Wengine mlitoka nje ya ukumbi mkijifuta machozi. Mweka hazina alisema hatuna kasma ya ng'ombe, na hilo lilikuwa kweli. Mimi sikucheka sana, ila sikuwaeleza maana yake, na hakuna aliyeniuliza. Kwetu faini ya ng'ombe si adhabu, ni mlango wa kurudia. Wale wazee walikuwa wanaifungulia serikali mlango.

Siku waliyoipanga ilifika, ikapita bila ng'ombe. Jumamosi iliyofuata gari letu liliingia kijijini na hakuna aliyegeuza shingo. Mlisalimia, mkasalimia tena, watu wakaendelea kupepeta mahindi. Muuza vocha aliangalia mlima. Afisa wa mazingira aliomba maji ya kunywa kwenye mji mmoja, mwenye mji akaingia ndani akafunga mlango taratibu, bila hasira. Baada ya muda kila idara ilianza kutafuta sababu ya kwenda vijiji vingine.

Kukawa na mjadala wa nani hasa ni serikali. Walimu waliachwa, kwa sababu, wazee walisema, wao walikuja. Mtendaji alikuwa mgeni, akaomba uhamisho. Nikabaki mimi, mwenye kitanda huku na meza kule. Mzee Luhende alikuja mwenyewe mpaka uani kuniambia, na yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda mrefu.

"Mayu, tunakupenda, na mama yako tunampenda. Lakini ukishika kazi yao wewe ni wao. Siku ukitoka, njoo."

"Na mama?"

"Anaishi kwako. Tumemwambia ahamie kwa shemeji yake, amekataa."

Alikuwa amekataa kweli. Nilimbembeleza nikachoka. Alisema nyumba ya binti yake ndiyo nyumba yake, na kama wanataka kumtenga wamtenge akiwa kwake. Nilimwambia nitaacha kazi. Akauliza nitakula nini, na mwanangu Limi aliyekuwa chuoni ada yake atalipa nani. Siku nyingine alikuwa anachukulia kama mzaha, anasema amepumzika kusalimia watu kila dakika. Lakini jioni moja, tukiwa tunachambua maharage, aliniuliza bila kuinua macho, "Wasinisalimie, sawa. Ila kaburi langu atachimba nani?" Nikamwambia aache kuongea hivyo.

Tangu hapo kila nilipoingia ofisini kwa mweka hazina kuuliza fungu la kupaua, nilikuwa namuulizia mama yangu. Yeye hakujua. Aliona tu mtumishi mzee anayesumbua kuliko wengine. Kwangu boma lile lilikuwa limeacha kuwa zahanati peke yake. Likipata paa, mama yangu atazikwa na watu. Lisipopata, sijui.

Halikupata. Mama aliugua kifua, wakati wa baridi. Gari la idara halikuwa na mafuta, na kijana wetu Deo, injinia aliyekuwa ndiyo kwanza ameletwa, alitoa hela yake mfukoni akaweka mafuta akaendesha mwenyewe. Tulifika naye hospitali akiwa hai. Siwezi kusema zahanati ingemwokoa, maana watu wanafia hata kwenye milango ya hospitali kubwa. Nasema tu kwamba njia ilikuwa ndefu na alikuwa ananishika mkono kila tulipopita shimo. Alifariki asubuhi yake.

Alitaka alale pembeni ya baba yangu, na baba yangu amelala kijijini. Tulimrudisha. Kaburi mlichimba ninyi. Deo, dereva, mweka hazina, na wawili watatu wa manunuzi, mmevaa viatu vya ofisini. Ardhi ya kwetu juu ni udongo na chini ni mawe, wenyewe wanajua pa kuanzia, ninyi hamkujua. Mlichimba tangu alfajiri. Deo aligoma kupokezana mpaka viganja vikachubuka, akawa anashika sururu kwa kutumia soksi. Makatibu muhtasi walipika kwenye jiko la mkaa, wali ukaungua chini. Katekista alikuja akasali, akaondoka bila kuonja maji.

Na nzengo ilikuja. Hilo wengi wenu hamkuliona, mlikuwa ndani ya shimo. Walisimama kule njiani, nje ya mpaka wa uwanja wetu, wanaume na majembe begani, wanawake nyuma yao. Mzee Luhende alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyevuka. Walisimama mpaka udongo ukafunika, kisha wakaondoka. Niliwachukia siku ile. Niliichukia na serikali, na waliotukopesha, na mimi mwenyewe kwa kwenda kuwaeleza watu mambo ya deni, na nilishindwa kupanga nimchukie nani kwanza.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama saa inavyofanya kazi. Nilikagua, niliandika, nilisubiri. Mwaka huu nikastaafu, mkaniaga, nikapanda gari na chupa yangu ya chai nikarudi kijijini. Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Luhende. Nilisimama nje ya uzio nikasema nimetoka. Aliinuka akaja mpaka kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. "Pole kwa kufiwa na mama."

Jioni ile walikuja. Walikuja na unga, kuni, maji, mikeka, wakakaa uani kwangu kumlilia mama yangu ambaye nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake. Mwanamke aliyekuwa anabeba naye ndoo alilia mpaka akaishiwa sauti. Niliona kwamba walikuwa wameutunza msiba ule muda wote huo, na nilishindwa kuendelea kuwachukia, ingawa nilijaribu.

Nilimwambia Mzee Luhende kwamba nitanunua ng'ombe mimi, niilipie serikali faini, yaishe. Alifikiri sana kabla ya kukataa. "Ukilipa wewe," alisema, "yenyewe itajuaje kwamba ilikuwa inadaiwa?" Kisha akanipa zamu yangu: kubeba maji msibani, na kushika amri zote za nzengo kama mwananzengo yeyote.

Wiki iliyopita gari la halmashauri lilikuja. Alishuka Deo, peke yake, na futi ya chuma na kofia ngumu. Sisi wanawake tulikuwa pale karibu na boma, tunatoka kisimani. Alisalimia kundi zima, hakuna aliyejibu. Alikuwa ameshazoea. Akaingia kwenye lile boma akaanza kupima nyufa, na futi ile inahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Aliiegemeza kwenye tofali, ikateleza. Akaibana kwa jiwe, ikateleza. Nilikuwa karibu sana. Mkono wangu ulijua kabisa cha kufanya.

Alipomaliza alisimama akazungumza na ukuta, kwa sauti, kama anayejisemea. Alisema kozi tatu za juu zimeoza na lazima zishushwe, lenta ivunjwe imwagwe upya, ndipo jengo lifae kupauliwa. Alisema ataandika hivyo. Alisema fedha bado, na hatadanganya kusema lini. Wote tulisikia. Mwanamke wa pembeni yangu alitua ndoo chini, akaibeba tena.

Kisha aliniona. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akavua kofia, akainama kidogo kama alivyokuwa anafanya kila asubuhi kwenye korido.

"Shikamoo, Mama Limi."

Watu wote walisimama kuniangalia. Mzee Luhende alikuwa ng'ambo ya njia na ng'ombe wake, akaangalia pembeni, nadhani ili asinione nikikosea. Viganja vya Deo bado vina makovu, niliyaona alipokuwa ameshika kofia kifuani. Nilitazama chini. Nilitazama viatu vyake mpaka vikageuka, nikasikia mlango wa gari, nikabeba maji yangu nikaenda nyumbani, na usiku ule sikula.

Nimesikia mnasema huko kwamba Mama Limi amebadilika, kwamba kustaafu kumempa kiburi. Ningekuwa na kiburi ningejibu. Nina sehemu moja tu ya kuzikwa, na watu wa kunizika ni hawa, na serikali niliyoitumikia umri wangu wote haijui hata kwamba imetengwa. Nilimuuliza Mzee Luhende kama amri inahusu pia kuandika. Alikuna kidevu akasema wazee hawakuwahi kulifikiria hilo.

Marahaba, Deo. Marahaba, baba.